NFP ya Fiji: Chama cha viti vitano na mtu aliyekipindua

BUNGE la Fiji lilikutana Desemba 24, 2022 kumchagua Waziri Mkuu kwa kura ya siri. Sitiveni Rabuka alipata kura 28. Frank Bainimarama, aliyekuwa ameitawala nchi hiyo ya visiwa vya Bahari ya Pasifiki tangu alipotwaa madaraka kwa mtutu wa bunduki Desemba 2006, alipata 27. Mseto wa Rabuka ulikuwa na vyama vitatu: People's Alliance, chama chake mwenyewe, chenye viti 21, SODELPA chenye vitatu, na National Federation Party, NFP, chenye vitano. Kwa hesabu ulipaswa kupata kura 29. Moja ilipotelea njiani.

Kwa asiyeifuatilia Fiji, hizo ni hesabu za kawaida za serikali ya mseto. Kwa Mhindi wa Fiji mwenye umri wa kukumbuka, sivyo kabisa. Rabuka ndiye Luteni Kanali aliyeingia bungeni asubuhi ya Mei 14, 1987 na askari waliofunika nyuso, akawatoa mawaziri kwa mtutu na kuwaweka kizuizini. Serikali aliyoipindua ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu, na NFP ilikuwa mbia wake. Miaka 35 baadaye, chama hicho hicho, kikiwa na asilimia 8.9 ya kura, kilikataa kumsaliti mtu huyo wakati ambapo kuhama kidogo tu kungembakiza Bainimarama madarakani.

Swali la kujiuliza ni hili: NFP ilipata nini, na ililipa nini, kwa kupatana na aliyeipindua? Ni swali ambalo msomaji wa ukanda wetu hahitaji kufafanuliwa sana. Zanzibar wanaliita maridhiano, Kenya wanaliita handisheki, na kote wanajua kwamba anayeupokea mkono wa hasimu wake anaweza kurudi nyumbani na kukuta wafuasi wamehamia kwa jirani.

Manamba wa miwa

Jina la chama hiki linaweza kumchanganya msomaji wa gazeti hili, ambaye akisikia shirikisho anafikiria nchi zinazoungana. Shirikisho lililozaa NFP lilikuwa la wakulima wa miwa.

Kati ya 1879 na 1916, Waingereza walisafirisha zaidi ya Wahindi 60,000 kwenda Fiji kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kwa mikataba ya miaka mitano. Meli ya kwanza, Leonidas, ilitia nanga Mei 14, 1879. Wenyewe waliuita mkataba huo *girmit*, yaani neno la Kiingereza la makubaliano lilivyotoka vinywani mwao, na wao wakaitwa *girmitiya*. Kwetu neno lililo karibu zaidi ni manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge. Wahindi waliojenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria nao waliletwa kwa mikataba ya namna hiyo, lakini wengi wao walirudi India kazi ilipokwisha. Wa Fiji wengi hawakurudi. Walikodi vipande vya ardhi, wakaendelea kulima miwa na kuiuza kwa kampuni moja ya Australia, CSR, iliyomiliki viwanda vyote vya sukari.

Hapo pana mambo mawili yanayoeleza karibu kila kitu kilichofuata. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Fiji ni mali ya koo za wenyeji, waitwao iTaukei, na haiuzwi. Mhindi hulima kwa kukodi. La pili, kufikia katikati ya karne iliyopita Wahindi walikuwa wengi kuliko wenyeji. Mkulima akawa na kura nyingi bila ardhi, mwenyeji akawa na ardhi na hofu ya kumezwa.

Mwaka 1960 CSR ilileta mkataba mpya wa kununua miwa ambao wakulima waliuona wa kinyonyaji. Vyama vya wakulima vilikuwa vimeungana kujadiliana na kampuni, kisha vikagawanyika: baadhi ya viongozi walitia saini, wengine wakagoma kuvuna. Waliogoma waliongozwa na mwanasheria mzaliwa wa Gujarat, A.D. Patel, aliyefika Fiji mwaka 1928, pamoja na mwanasheria kijana wa hukohuko Fiji, Siddiq Koya. Walishindwa. Tume iliyoongozwa na Sir Malcolm Trustram Eve ikaja na mkataba wa miaka kumi ulioiridhisha kampuni. Lakini katika uchaguzi wa 1963 Patel, Koya na mwenzao James Madhavan walichukua viti vitatu kati ya vinne walivyotengewa Wahindi kupiga kura. Mwaka uliofuata wakasajili chama.

Mkataba wa Eve ulipokaribia kwisha mwaka 1969, mwamuzi aliyeitwa alikuwa Lord Denning, jaji yuleyule ambaye kamati yake mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilichangia kuanzishwa kwa shule ya sheria Dar es Salaam. Patel alisimama mbele yake kuwatetea wakulima, na Oktoba mosi mwaka huohuo akafariki kabla ya kusikia hukumu. Hukumu ilitoka Januari 1970: mkulima apate asilimia 65 ya mapato ya sukari na kiwanda 35, tena kwa bei ya chini iliyodhaminiwa. CSR ikasema kwa masharti hayo haibaki, na mwaka 1973 serikali ikanunua viwanda. Sijui vyama vingapi duniani vinaweza kusema vimeshinda vita vilivyowazaa. NFP ilivishinda ndani ya miaka kumi, kisha ikabaki na vita vya pili ambavyo ni vigumu zaidi.

Daftari moja la wapigakura

Vita vya pili vilihusu namna ya kupiga kura. Patel alitaka daftari moja: kila raia ampigie mgombea yeyote bila kujali rangi. Waingereza na machifu wa iTaukei walitaka kila jamii ipige kura kivyake. Suluhisho lililotoka kwenye mkutano wa London wa 1965 lingemkumbusha Mtanganyika mambo ya nyumbani. Sehemu kubwa ya viti ilibaki ya jamii, lakini viti tisa viliwekewa utaratibu ambapo mpigakura mmoja anachagua mgombea iTaukei, mgombea Mhindi na mgombea wa kundi la tatu lililowabeba Wazungu na wengineo. Huo ni ukoo mmoja na kura tatu za 1958 na 1959, zile zilizoigawa TANU hadi mkutano wa Tabora ukaamua kushiriki. Tofauti ni kwamba Tanganyika Waafrika walikuwa wengi mno kiasi kwamba kura tatu ziliinufaisha TANU kila upande, na muda mfupi baadaye mfumo huo ukawa historia. Fiji jamii mbili kubwa zilikaribiana kwa idadi. Mfumo ukaota mizizi.

Patel na wenzake wanane walisusia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1967 hadi viti vyao vikatangazwa wazi. Kwenye uchaguzi mdogo wa 1968 walirudi wote tisa, kwa kura nyingi zaidi. Ulikuwa ushindi wenye sumu ndani yake, kwa sababu uliwaonyesha wenyeji kwamba Wahindi wanaweza kupiga kura kama mtu mmoja. Mwaka huohuo chama kilijaribu kuvuka mpaka: kiliungana na chama kidogo cha viongozi wa iTaukei, National Democratic Party cha Apisai Tora na Isikeli Nadalo, na hapo ndipo neno "National" lilipoingia kwenye jina. Miaka 19 baadaye Tora huyohuyo alikuwa mstari wa mbele katika vuguvugu la Taukei lililoandaa mazingira ya mapinduzi.

Patel alipokufa, Koya alikaa mezani na Ratu Sir Kamisese Mara, kiongozi wa chama cha Alliance. Walikubaliana uhuru upatikane Oktoba 10, 1970, na suala la daftari moja liachiwe tume itakayoundwa baadaye. Tume ikaundwa, ikatoa taarifa 1975 ikipendekeza sehemu ya viti igombewe bila kugawa rangi. Serikali ya Mara ikaiweka kabatini. Mwaka huohuo mbunge Sakeasi Butadroka aliwasilisha hoja bungeni kwamba Wahindi wote warudishwe India, na Uingereza ilipe nauli na fidia. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Idi Amin awape Waasia wa Uganda siku 90. Hoja haikupita, lakini hakuna Mhindi wa Fiji aliyeisahau.

Ushindi wa 1977 ulioporomoka

Katika uchaguzi wa Machi na Aprili 1977, Butadroka aligawa kura za wenyeji, na matokeo yakamshangaza kila mtu: NFP viti 26, Alliance 24, Butadroka mwenyewe kimoja, na mgombea binafsi kimoja. Bunge lilikuwa na viti 52. NFP ilikuwa imeshinda.

Ikatumia siku kadhaa ikivutana nani awe kiongozi. Wapo waliohofu kwamba Waziri Mkuu Mhindi angewasha moto. Wapo ambao hawakumtaka tu Koya, wakiwa bado na machungu ya mwaka uliotangulia, chama kilipogawanyika kuhusu sheria ya ukodishaji wa ardhi. Koya alishinda kwa shida. Alipokuwa akijiandaa kuapishwa, Gavana Mkuu, Ratu Sir George Cakobau, alitangaza kwamba amemteua tena Mara. Mpaka leo wanasheria wa Fiji wanabishana kama alikuwa na mamlaka hayo. Kwangu mimi, suala la mamlaka ni la pili. Chama kilichopewa nchi na wapigakura kikaacha siku zipite bila kutaja jina la Waziri Mkuu kilimfungulia Gavana Mkuu mlango.

Septemba mwaka huohuo uchaguzi ulirudiwa. NFP iliingia ikiwa vipande viwili, kimoja kikitumia alama ya njiwa na kingine ua. Vilipata viti 15 kwa pamoja. Alliance ikapata 36. Koya akapoteza kiti chake. Uongozi ukaenda kwa mwanasheria mpole wa miaka 40, Jai Ram Reddy.

Mwaka 1987 ni maarufu zaidi, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Vyama vya wafanyakazi vilianzisha chama cha Labour mwaka 1985. NFP, ikiwa imechoshwa na ugomvi wa ndani, iliungana nacho, na muungano huo ukashinda viti 28 dhidi ya 24 Aprili 1987. Waziri Mkuu alikuwa daktari wa iTaukei, Timoci Bavadra. Hilo halikumsaidia. Mei 14, siku ileile ambayo Leonidas ilifika miaka 108 kabla, Rabuka akaingia bungeni. Septemba akapindua tena, kisha akatangaza jamhuri. Katiba ya 1990 iliwapa iTaukei viti 37 kati ya 70, Wahindi 27, na kusema Waziri Mkuu lazima awe iTaukei.

Wahindi walianza kuondoka kwenda Australia, New Zealand na Canada. Sensa ya 1986 iliwakuta wakiwa karibu asilimia 49 ya wananchi. Ile ya 1996, asilimia 44. Ile ya 2007, chini ya 38. Ukitaka kujua kwa nini NFP ni chama kidogo leo, anza na takwimu hizo kabla ya kutafuta makosa ya viongozi.

Mkono uliogharimu viti vyote

Reddy alikuwa na njia mbili. Angeweza kuisusia Katiba ya 1990 na kungoja dunia iwaonee huruma. Aliingia kwenye uchaguzi chini ya katiba aliyoiita ya kibaguzi, akapata viti 14 mwaka 1992 na 20 mwaka 1994, akawa kiongozi wa upinzani, na akaanza kuzungumza na Rabuka ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu wa kiraia.

Mazungumzo hayo yalizaa tume ya watu watatu chini ya Sir Paul Reeves wa New Zealand. Taarifa yake ya 1996 ilipendekeza viti vingi viwe huru na vichache viwe vya jamii. Rabuka na Reddy walikuwa na vyama vya kutuliza, wakageuza hesabu: kati ya viti 71, 46 vikabaki vya jamii na 25 tu vikawa huru. Hata hivyo, kizuizi cha Waziri Mkuu kuwa iTaukei kiliondolewa. Juni 1997 Reddy akawa kiongozi wa kwanza wa Wahindi kulihutubia Baraza Kuu la Machifu. Machifu wakakubali, na Julai Bunge likaipitisha katiba mpya bila kura ya kupinga.

Ingekuwa hadithi ya kubuni, wananchi wangewabeba juu. Mei 1999 Rabuka na Reddy waliingia kwenye uchaguzi wakiwa washirika. Labour, chini ya kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Mahendra Chaudhry, ilizunguka vijiji vya wakulima wa miwa ikiuliza swali moja: mwanasheria wenu anafanya nini na mtu wa 1987? Swali hilo lilikuwa na unafiki wake, maana mwaka 1992 ni wabunge 13 wa Labour hiyohiyo waliomsaidia Rabuka kuwa Waziri Mkuu. Lakini lilifanya kazi.

Karibu theluthi moja ya Wahindi bado waliipigia NFP. Ilipata viti sifuri. Labour ilichukua viti vyote 19 vya Wahindi na jumla ya viti 37, ikaunda serikali, na Chaudhry akawa Waziri Mkuu wa kwanza mwenye asili ya India. Mfumo mpya wa kura ulimtaka mshindi wa kila jimbo avuke nusu, na NFP ilikuwa ya pili karibu kila mahali bila kuwa ya kwanza popote. Upande wa pili, iTaukei walimwadhibu Rabuka vilevile: chama chake kilibaki na viti vinane.

Waliopatana waliondolewa wote wawili. Mwaka mmoja baadaye, Mei 19, 2000, George Speight na watu wenye silaha waliingia bungeni na kumshika Chaudhry na wabunge wake mateka kwa siku 56. Mhindi aliyempigia Labour akiamini kwamba sasa amepata mtetezi asiyepeana mikono alijikuta hana serikali kwa mara ya pili ndani ya miaka 13. Simaanishi kwamba Reddy angezuia mapinduzi ya Speight. Ninachosema ni kwamba nchi iliwatupa nje watu wawili waliokuwa wamejenga uzoefu wa kuzungumza, ikabaki na wasio nao.

Reddy aja Arusha

Sehemu inayofuata ya maisha ya Reddy inatuhusu moja kwa moja, na inashangaza jinsi inavyotajwa kwa nadra huku kwetu.

Baada ya kuacha siasa aliongoza Mahakama ya Rufani ya Fiji, kisha mwaka 2003 akachaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha katika jengo la AICC. Alipangwa kwenye jopo la majaji watatu, pamoja na Erik Møse wa Norway na Sergei Egorov wa Urusi, lililosikiliza kesi iliyoitwa ya Wanajeshi ya Kwanza. Mshtakiwa mkuu alikuwa Kanali Théoneste Bagosora. Mashahidi 242 walipita mbele yao. Desemba 18, 2008 jopo liliwapa Bagosora na maofisa wengine wawili kifungo cha maisha na kumwachia wa nne, Jenerali Gratien Kabiligi. Mwaka 2011 rufani ilishusha adhabu ya Bagosora hadi miaka 35.

Fikiria hali hiyo. Mwanasiasa aliyetolewa serikalini na kanali, akachagua kuzungumza na kanali huyo na akapoteza chama chake kwa ajili hiyo, anamaliza utumishi wake miaka mitano Arusha akisikiliza kile ambacho maofisa wa jeshi wanaweza kufanya siasa ya kikabila inapokosa breki. Fiji haijawahi kufika popote karibu na Rwanda ya 1994, na haitakuwa haki kuzilinganisha. Lakini aliyekuwa na hofu ya kule mambo yanakoweza kuelekea, na hofu hiyo ikamfanya apokee mkono wa 1997, hakuwa mwoga kama alivyoitwa kwenye mashamba ya miwa. Reddy alifariki Agosti 2022, miezi minne kabla chama chake hakijarudi serikalini na Rabuka.

Daftari moja kutoka kwa mwanajeshi

Kati ya 1999 na 2014 NFP ilikuwa kama haipo. Mwaka 2006 haikupata kiti. Kisha ikaja kejeli kubwa kuliko zote za historia yake. Bainimarama, aliyepindua serikali Desemba 2006, alitunga katiba mwaka 2013 iliyofuta viti vyote vya jamii. Nchi nzima ikawa jimbo moja, daftari moja, kila kura sawa. Ndicho kitu ambacho A.D. Patel alikidai kwa miaka na kufa bila kukiona, na sasa kilitolewa na amri ya jeshi.

Uchaguzi wa kwanza chini ya daftari hilo ulifanyika Septemba 2014. Wahindi wengi walimpigia Bainimarama, kwa sababu ni yeye aliyewapa. NFP, chama kilichozaliwa na dai hilo, kilipata asilimia 5.5. Kizingiti cha kuingia bungeni ni asilimia tano. Kilipona kwa nusu asilimia na kupata viti vitatu kati ya 50. Labour ya Chaudhry, iliyokimaliza mwaka 1999, ilipata asilimia 2.4 na kubaki nje, ambako iko hadi leo.

Kiongozi wa NFP wa wakati huo, Biman Prasad, ni profesa wa uchumi kutoka Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini. Alikijenga chama upya kwa namna ambayo Tora na Nadalo wangeitambua. Rais wa chama alikuja kuwa Pio Tikoduadua, iTaukei na ofisa wa zamani wa jeshi aliyewahi kuwa waziri wa Bainimarama kabla ya kuachana naye. Kati ya wabunge watano wa 2022, wawili walikuwa iTaukei. Mwaka 2018 viti vilibaki vitatu, kura zikapanda hadi asilimia 7.4. Kabla ya uchaguzi wa 2022 Prasad na Rabuka walitia saini makubaliano ya kushirikiana hadharani, mpigakura aamue akijua. Hilo ni tofauti na 1999 kwa jambo moja: safari hii NFP haikuhitaji kushinda jimbo lolote. Ilihitaji kuvuka asilimia tano tu.

Gharama ya wizara ya fedha

Prasad alipewa wizara ya fedha na unaibu waziri mkuu, Tikoduadua mambo ya ndani. Wanafunzi walifutiwa madeni ya mikopo ya elimu ya juu ya karibu dola milioni 650 za Fiji. Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini kilirudishiwa ruzuku ambayo serikali iliyopita ilikuwa imeizuia. Mei 14 ikapewa heshima ya sikukuu ya taifa ya *girmit* kuanzia 2023, na siku hiyo mwaka huo, mjini Suva, Rabuka aliomba msamaha mbele ya umma kwa niaba yake na ya walioshiriki mapinduzi ya 1987. Kanisa la Methodisti, ambalo wakati ule lilikuwa na wengi walioyaunga mkono mapinduzi, nalo liliomba msamaha. Tume ya Ukweli na Maridhiano imeanza kazi mwaka 2025.

Upande wa pili wa daftari kuna VAT. Bajeti ya kwanza ya Prasad iliipandisha kutoka asilimia 9 hadi 15, kwa hoja kwamba deni la taifa halikuacha nafasi nyingine. Bajeti ya 2025 imeishusha hadi 12.5. Mwenye duka la Nadi au Ba, ambaye ndiye mpigakura wa asili wa NFP, hamkumbuki Denning anapolipa bei mpya. Anamkumbuka waziri wa fedha. Katika ukanda wetu tumeona mara nyingi kwamba chama kidogo kinachopewa wizara ya fedha hubeba hasira zote, na chama kikubwa hubeba misamaha na sherehe.

Hata hivyo kuna kura zinazoelea. FijiFirst ya Bainimarama, iliyokuwa na kura nyingi za Wahindi kuliko chama chochote, ilifutwa kwenye daftari la vyama Julai 2024 baada ya kushindwa kurekebisha katiba yake kama sheria inavyotaka. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafungwa mwaka mmoja kwa kuingilia upelelezi wa polisi. Wapigakura wake hawana nyumba. Wengine kati yao hawatakuja kwa Rabuka hata kwa msamaha wa aina gani, na NFP ndicho chama pekee chenye jina wanalolijua kutoka kwa babu zao.

Uchaguzi ujao unatakiwa kufanyika kati ya Agosti 2026 na Februari 2027. Kizingiti bado ni asilimia tano, na swali ni kama NFP itaingia tena ikiwa imeshika mkono wa Rabuka hadharani au itauachia kabla ya siku ya kura.